Kilwa Kisiwani kwa macho ya fundi mwashi

Nimefika Kilwa Kisiwani, mji wa kale wa magofu katika pwani ya kusini ya Tanzania, mara tatu. Mara mbili za mwanzo nilikwenda na watu wanaopenda kamera kama ninavyoipenda mimi, na tulifanya yale yanayofanywa na wageni wengi: tulipiga lango la Gereza, ile ngome ya kale ya ufukweni, pamoja na bahari yake, tukapiga Msikiti Mkuu kutoka mbali ili uenee wote kwenye fremu, tukapigana picha sisi kwa sisi chini ya matao, kisha tukawahi mashua. Picha zile ninazo mpaka leo. Ni safi na zina mwanga mzuri, lakini ukiniuliza zinaonyesha nini, nitakujibu kwamba zinaonyesha magofu, basi. Mara ya tatu, mwezi wa Julai uliopita, nilikwenda na rafiki yangu ambaye ni fundi mwashi hapa Lindi mjini, na nilirudi na picha za namna nyingine kabisa, kwa sababu safari hiyo mimi nilishika kamera tu. Aliyechagua cha kupiga alikuwa yeye.

Fundi ameishi kwa mwiko na timazi tangu ujana wake. Kazi yake ya kila siku ni nyumba za tofali za saruji, kama walivyo mafundi wote wa siku hizi, lakini baba yake alikuwa mchoma chokaa, na utoto wake aliupitisha karibu na matanuu, akipanga magogo na kubeba mawe ya matumbawe kutoka ufukweni. Amepita Nangurukuru mara nyingi akienda Dar es Salaam bila kukunja kuelekea Kilwa Masoko hata siku moja. Nilipomsimulia kwamba ng'ambo ya mlango wa bahari kuna mji mzima uliojengwa kwa matumbawe na chokaa bila mfuko hata mmoja wa saruji, hakuniuliza kuhusu masultani wala dhahabu. Aliniuliza hivi: "Chokaa yote hiyo waliichomea wapi, Mwalimu?" Sikuwa na jibu, na hapo ndipo tulipopanga safari.

Tulitoka Lindi kwa basi la alfajiri, tukashuka Nangurukuru, tukapanda gari dogo hadi Kilwa Masoko, na tukalala huko ili tuvuke mapema kabla upepo wa kusi haujashika nguvu. Asubuhi tulipita ofisini kujiandikisha na kulipa kiingilio, maana huvuki bila kibali, tukapewa kijana wa kutuongoza, na saa moja na nusu tulikuwa mashuani.

Mimi hupaita Kisiwani makumbusho, ingawa hakuna kabati la kioo wala taa ya umeme inayomulika kitu kwenye meza. Kila kitu kipo pale pale kilipojengwa, na anayekuja kutazama hukanyaga sakafu ile ile waliyoikanyaga wenye mji. Msafiri Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa zawadi alizogawa, na akauandika mji huu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote aliyoiona. Utajiri wake ulitoka kwenye dhahabu iliyoshuka kutoka bara, upande wa kusini, hadi bandari ya Sofala, katika Msumbiji ya leo, kisha ikapita mikononi mwa watu wa Kilwa kabla ya kuvuka bahari. Hayo nilimsimulia Fundi tukiwa bado majini. Alinisikiliza kwa adabu, lakini macho yake yalikuwa kwenye Gereza, ambalo tayari lilikuwa limejitokeza juu ya ufukwe.

Wareno walijenga ngome mahali hapo mwaka 1505 walipouteka mji, wakaiacha mwaka 1512, na sehemu kubwa ya kinachoonekana leo ni kazi ya Waomani waliokuja baadaye. (Neno lenyewe, gereza, hunasibishwa na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na kila ninapolitamka mbele ya jengo lile huona ajabu jinsi neno la ibada lilivyoishia kuwa neno la kufungia watu.) Nilielekea langoni kama kawaida yangu. Fundi akaniita upande wa pili, ambako bahari imekula ukuta kwa miaka mingi mpaka ukavunjika na kubaki wazi kama mkate uliokatwa kwa kisu. Akaniambia nipige hapo. Nilimweleza kwamba hapo hapapendezi, naye akanijibu kwamba lipu huficha, na kwamba akitaka kujua fundi alikuwa mtu wa namna gani hutazama mahali palipobomoka.

Nikapiga, na leo ile ndiyo picha ya kwanza katika albamu yangu. Ndani ya ukuta yanaonekana mawe ya matumbawe ya kila ukubwa, mengine kama kichwa cha mtoto, mengine kama ngumi, yamelala katika chokaa nyingi, na hakuna mahali palipoachwa pengo. Mawe makubwa yamekaa nje pande zote mbili na yale madogo yamejaza katikati. Fundi alisogeza kiganja chake karibu na ukuta bila kuugusa, kama alivyoelekezwa na kijana wetu, ili aangaliaye picha apate kipimo. Tangu hapo nilikipiga kiganja kile mara nyingi sana, na nakishukuru, kwa sababu magofu yakipigwa bila mtu huwezi kujua kama unatazama shimo la panya au mlango wa kasri.

Msikiti Mkuu tulikaa karibu saa tatu nzima, na ningeweza kukaa zaidi. Watu wengi huuona kama jengo moja, nami niliuona hivyo mara mbili zilizopita, lakini kwa hakika ni misikiti miwili iliyoungana. Upande wa kaskazini, wenye mihrabu, ndio wa kale zaidi, wa karne ya 11 na baada yake, na sasa hauna paa. Upande wa kusini ni nyongeza kubwa ya zama za al-Hasan bin Sulaiman, mwanzoni mwa karne ya 14, na hapo ndipo kuna kuba na mapaa ya mviringo, mengine yamesimama na mengine yameanguka. Fundi alisimama kwenye mpaka wa sehemu hizo mbili, akatazama huku na huku, kisha akaanza kuhesabu hatua.

Alichokuwa akitafuta ni boriti. Katika pwani yetu paa la bapa hulazwa juu ya boriti za mikoko, na mkoko ulionyooka vizuri hautoi boriti ndefu ya kutosha kuvuka chumba chenye upana wa zaidi ya mita mbili na nusu au tatu. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba za kale za Waswahili ni virefu na vyembamba. Mkoko ndio ulioamua upana wake. Anayetaka ukumbi mpana kwa paa la namna hiyo hana budi kupanda msitu wa nguzo. Waashi wa al-Hasan walipoamua kuacha boriti na kupindisha chokaa na mawe yasimame yenyewe hewani, walikuwa wanaacha sheria waliyoirithi kutoka kwa baba zao, na Fundi alilisema jambo hilo kwa sauti ya chini, akiwa ameweka mikono nyuma, kama mtu aliyeko mbele ya mkubwa wake.

Jaribio la kwanza halikudumu. Historia ya kale ya Kilwa inasimulia kwamba nyongeza ile iliporomoka, na msikiti ukajengwa upya katika karne ya 15. Wachimbuaji wakiongozwa na mwanaakiolojia Neville Chittick, waliofanya kazi hapa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, walitambua kwamba nguzo za mwanzo zilikuwa za jiwe moja moja la tumbawe, na kwamba nguzo za pembe nane tunazoziona leo zilijengwa wakati wa matengenezo hayo. Nilipomweleza hivyo, Fundi aliinama akatazama kitako cha nguzo kwa muda mrefu, akasema kwamba jiwe moja refu likipata ufa halina wa kulisaidia, ila nguzo iliyojengwa kwa mawe mengi na chokaa hugawana mzigo. Nilipiga nguzo ile kutoka chini kabisa, kamera ikiwa imegusa ardhi, ili pembe zake zionekane zikipanda hadi mahali zinapopokea matao.

Kuzipiga kuba kwa ndani kulinishinda mwanzoni. Nje jua lilikuwa kali na ndani mlikuwa na kivuli, kwa hiyo kila nilipoinua kamera ama anga liliungua likawa jeupe tupu, ama kuba likazama katika giza. Mwishowe nililaza kamera chali sakafuni, lenzi ikitazama juu, nikaipima mwanga kwa kivuli peke yake, nikaiwekea muda wa sekunde 10, na sote watatu tukatoka nje tukasimama kimya. Picha iliyotoka inaonyesha kuba likiwa duara kamili, na duru za chokaa zikipungua kuelekea kileleni kama ukili wa mkeka unaoanzia katikati. Fundi alipoiona kwenye kioo cha kamera aliomba tukae. Tulikaa chini ya nguzo, akaikuza picha kwa vidole viwili, akaipitia sehemu kwa sehemu, akinionyesha mahali ambapo mwashi alianza na mahali ambapo mkono wake ulichoka kidogo, kwa sababu mstari unapanda.

Hapo ndipo nilipogundua kitu ambacho kwa muda wa dakika tano kiliniondolea utulivu. Kwenye ukuta wa upande mmoja, kimo cha kifua, palikuwa na mikwaruzo mitatu iliyolala sambamba ndani ya chokaa, mifupi, yenye upana wa kidole. Mtu alikuwa amesawazisha chokaa mbichi kwa vidole vyake, na vidole vikabaki. Nilipiga picha kumi na moja, kwa jua la ubavuni lililokuwa linapenya kwenye tao na kuzitia alama zile kivuli, nikijiambia kwamba natazama mkono wa mtu aliyekufa miaka mia saba iliyopita. Kisha nikamwita Fundi. Alitazama mara moja tu. "Hii ni mpya, Mwalimu. Tazama weupe wake, na mchanga wake ni mkubwa kuliko huu wa pembeni." Kijana wetu akathibitisha kwamba sehemu ile ilizibwa wakati wa ukarabati.

Sikuficha kuvunjika moyo kwangu. Fundi, kinyume chake, alisogea akaitazama alama ile kwa mapenzi zaidi kuliko alivyotazama kitu chochote siku ile. Magofu ya Kilwa Kisiwani pamoja na yale ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 kwa sababu ya kuporomoka na kuliwa na bahari, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyahifadhi. Kazi hiyo imefanywa kwa mikono, na kwa chokaa. Fundi alinieleza sababu yake kwa maneno ambayo nimeyahifadhi: saruji ni ngumu kuliko tumbawe na haipumui, kwa hiyo ukiziba nayo ukuta wa zamani, maji na chumvi vinakosa njia ya kutoka, vinarudi ndani ya jiwe na kulila, na baada ya miaka michache kiraka kinabaki kizima huku ukuta unaanguka. Chokaa ni laini na inashika bila kubana. Kwa hiyo aliyeacha vidole vile ni mtu wa zama zetu ambaye aliijua chokaa kama alivyoijua baba yake Fundi, ilhali yeye Fundi mwenyewe, kwa kauli yake, ameanza kuisahau.

Kutoka msikitini tulipita kijijini, kwa kuwa Kisiwani bado ni makazi ya watu na njia zao hukatiza baina ya kuta za masultani. Bibi mmoja alikuwa ameketi barazani akisuka ukili. Tukamwamkia, akaitikia, akatukaribisha kivulini. Nilipomwomba ruhusa ya kumpiga picha alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wamenipiga tangu nywele zangu nyeusi, mjukuu wangu. Sijapata kuiona hata moja." Sikujua la kusema. Mimi mwenyewe, katika safari zangu mbili za awali, nilipiga watu wa kijiji kile na sikupeleka picha kwa yeyote, na mpaka siku ile sikuwa nimeliona hilo kuwa deni. Nilimwahidi kwamba hii ataiona. Akaniambia nisubiri, akaingia ndani, akatoka amevaa kanga nyingine, na akaketi wima bila ukili mkononi, maana hakutaka kuonekana akiwa kazini. Nilipiga mbili.

Fundi alimuuliza lile swali lake la Lindi. Bibi akacheka, akanyoosha mkono kuelekea nyuma ya minazi, akasema kwamba baba yake alichoma chokaa kule, magogo yakipangwa mviringo na matumbawe yakirundikwa juu, moto ukiwashwa jioni na kuachwa ujimalize, kisha mvua ikaachiwa kazi ya kuilainisha chokaa kwa miezi kadhaa. Fundi alikuwa akiitikia kabla hajamaliza kila sentensi. Walizungumza kwa muda mrefu kuhusu aina za magogo, na mimi nikaweka kamera chini nikawasikiliza.

Katika Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15, ambao umesalimika kuliko mingine yote, nilirudia ufundi wangu wa kulaza kamera sakafuni, kwa sababu kule darini kulipachikwa bakuli za kauri zilizoletwa na biashara ya bahari. Baadhi zimeng'oka na kuacha mashimo ya mviringo. Fundi alinitaka nipige mashimo pia, na alikuwa na haki, kwani ndani ya shimo unaona chokaa ilivyobeba umbo la bakuli kwa uaminifu mpaka duru ya kitako chake.

Husuni Kubwa tulifika mchana umekwenda, na sitasema mengi kuihusu, kwa sababu mwanga ulikuwa mbaya na miguu ilikuwa imechoka. Ni kasri la al-Hasan huyo huyo, lenye vyumba zaidi ya mia moja juu ya jabali linalotazama bahari, na halikukamilika. Picha niliyoipenda ni moja, ya birika la pembe nane. Fundi alishuka njia ya pembeni akasimama karibu na ukingo, akaniuliza pembe nane hupimwaje na mtu mwenye kamba na vigingi tu. Kabla sijajibu alikuwa ameokota kijiti na kuanza kuchora mchangani, mraba kwanza, kisha mraba wa pili juu yake ukiwa umegeuzwa, na pembe nane zikatokea. Nilipiga mchoro wake, na birika likiwa nyuma.

Tulivuka kurudi na kusi tayari limeamka, kamera nikiwa nimeifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuikumbatia njia nzima.

Lindi nilichapisha picha ishirini na sita. Mbili za Bibi nilizitia ndani ya bahasha ngumu nikazituma kwa nahodha, na baada ya siku tisa alinipigia simu kunijulisha kwamba zimefika, na kwamba mwenyewe anaomba nakala moja zaidi kwa ajili ya binti yake aliyeko Mtwara. Nimeshaituma. Zilizobaki nilizitandaza mezani kwa Fundi ili achague atakayo, nikidhani atachukua kuba. Alizipitia zote mara mbili, akachukua ile ya vidole vitatu, akaniomba niikate pande zote ili pabaki vidole vile na ukingo wa chokaa ya kale kando yake. Niliikata jioni ile ile, na sasa imebandikwa ndani ya stoo yake ya vifaa, juu ya msumari anapotundika timazi.